Mtu na Mkewe

Wapelelezi wetu wa riwaya hawana wake. Willy Gamba, ambaye Elvis Musiba alituletea kwenye Kufa na Kupona mwaka 1974, maisha yake ni ndege, hoteli na bastola. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ana Nuru, ndiyo, lakini Nuru ni mwenzake wa hatari, si mtu wa kumwuliza mbona ada ya mtoto haijalipwa. Sisi tulioazimana vitabu hivi mpaka majalada yakang'oka hatukuona kama kuna kilichopungua. Mwanamume anayekimbizana na risasi atapata wapi muda wa kuulizwa jana alilala wapi?

Hasara yake naiona sasa. Riwaya zetu za siasa na uhalifu zimezoea kumfuata mtu mbaya bandarini, mpakani, ofisini, kwenye baa. Akifika nyumbani tunamwacha. Geti linafunguliwa, gari linaingia, sura imekwisha. Sura inayofuata inamkuta kesho yake ofisini akiwa ameshavaa tai. Mimi nadhani ile sura iliyorukwa, ya usiku, ndiyo yenye swali gumu kuliko yote. Aliyemfungulia mlango anajua nini? Na kama hajui, ni kwa sababu hakuambiwa, au ni kwa sababu hakuuliza?

Swali hili naliweka Segera, na nina sababu. Anayesafiri barabara ya kaskazini anaijua Segera hata kama hajawahi kulala pale. Basi linasimama, watu wanachimba dawa, machungwa yanapandishwa dirishani, halafu njia inagawanyika. Ukitokea Dar, kulia ni Muheza na Tanga, na mbele ya Tanga ni Horohoro, ukivuka tu uko Lungalunga upande wa Kenya. Kushoto ni Korogwe, Mombo, Same mpaka Himo, na pale Himo kuna njia ya Holili na Taveta. Kwa hiyo mzigo uliovuka Horohoro na mzigo uliovuka Holili, kama yote miwili inakwenda Dar, mahali pa kukutana ni hapa. Dereva wa kutoka Moshi asiyetaka kuonekana anaweza kukatisha Korogwe kwenda Handeni akaibukia Mkata. Wa kutoka Tanga hana ujanja huo, labda azungukie Pangani. Segera haiko mpakani, lakini mpaka unapita Segera kila usiku, umefunikwa turubai.

Na si jambo la jana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ulifungwa na ukakaa umefungwa hadi 1983. Wakubwa wanaikumbuka miaka ile kwa vitu vidogo: sabuni, dawa ya meno, kopo la Kimbo. Vilivyokosekana dukani vilipatikana kwa magendo. Halafu mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, ikatungwa na sheria maalumu, na watu wakaanza kutupa mali porini na baharini usiku ili wasikutwe nazo. Hebu fikiria ushahidi ulikuwa wapi. Ulikuwa stoo, chini ya kitanda, jikoni. Mume ndiye aliyevusha, lakini kopo lilikuwa kwenye kabati la mke, na kijiko kilichokuwa ndani ya kopo alikitia yeye. Siri ya mtungi muulize kata, walisema wazee, na mwaka ule kata zililala macho.

Leo bidhaa zimebadilika. Bado kuna sukari na mafuta ya kula, lakini kuna pia mirungi, dawa za kulevya, na kuna watu. Vijana wa Kiethiopia wanaopitishwa nchini mwetu kuelekea Afrika Kusini wamekamatwa mara nyingi mkoani Tanga, kiasi kwamba habari yao imekuwa fupi gazetini.

Sasa tuitunge hiyo riwaya. Tuseme mume ana malori mawili na anautaka ubunge. Mke ni mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara wake anaujua mpaka senti ya mwisho, na kwa kuwa ndiye aliyemsaidia mumewe kuandika mahesabu lori la kwanza liliponunuliwa, anajua pia saruji ya Tanga inalipa kiasi gani kwa safari moja. Anajua na kile ambacho saruji haiwezi kulipa. Kura za maoni za chama zinakaribia. Sebuleni kuna marobota ya kanga. Nje kuna pikipiki sita za vijana wa hamasa. Kila Ijumaa kuna pilau ya wajumbe. Usije ukadhani ni mambo ya kubuni tu: mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kitu kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipokuja kuibatilisha mwaka 2006. Takrima iliondoka kwenye kitabu cha sheria. Kwenye sufuria ilibaki.

Usiku mmoja mke anauliza.

"Baba Neema, hela ya kanga zote hizi imetoka wapi?"

"Mama Neema, wewe niombee dua tu. Mengine niachie."

Basi. Yaani hakusema uongo. Hakusema pia ukweli. Alichofanya ni kumpa mkewe mahali pa kusimama: wewe kaa kwenye dua. Kuanzia usiku huo watu wawili wanaanza kujenga kitu kwa pamoja. Mume simu ikiita anatoka nje kuipokea. Mke akiona ametoka, anaongeza sauti ya televisheni. Hakuna aliyemwambia aongeze. Mume akirudi alfajiri anasema barabara ilikuwa mbaya Mkata, mke anasema pole, na wote wawili wanajua kwamba barabara ya Mkata ni lami tupu. Wanakuwa na adabu kuliko walivyowahi kuwa. Majirani wanasema ndoa ile imetulia, wakati kilichotulia ni mazungumzo.

Kwa hiyo kutojua kwa mke huyu si ukosefu wa habari, maana habari zimemjaa sebuleni. Kutojua huku kunatengenezwa, kwa kazi ya kila siku, kama mtu anavyofagia uwanja. Wanafalsafa wana maneno marefu ya jambo hili. Kiswahili cha mtaani kinasema tu kwamba mtu *amejikausha*.

Je, aliyejikausha ana hatia?

Nchi yetu iliwahi kujibu swali hili kwa ukali kuliko nchi nyingi. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni ya kibepari, asiwe mkurugenzi wa kampuni hiyo, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mengi hayo tunayakumbuka. Tunasahau kwamba Azimio lilieleza pia kiongozi ni nani: ni mtu pamoja na mkewe, na kama kiongozi ni mwanamke, basi ni yeye pamoja na mumewe. Mbele ya Azimio, kitanda cha wawili kilikuwa na mwenyewe mmoja.

Sababu yake inaeleweka. Waliotunga walijua kwamba ukimkataza mwanamume kupangisha nyumba, kesho nyumba itaandikwa jina la mama watoto. Mwaka 1991 kule Zanzibar, Halmashauri Kuu ya CCM ikayalegeza masharti. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo haimkatazi kiongozi kuwa na mali, ila inamtaka aitaje: yake, ya mwenzi wake, na ya watoto wao wadogo ambao hawajaoa wala kuolewa. Nyumba bado inahesabiwa kuwa kitu kimoja, japo safari hii ni kwenye fomu.

Lakini fungua Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 uone upande wa pili. Inasema mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza, na kwamba kuoana peke yake hakubadilishi mwenye mali. Watu wawili, mifuko miwili. Hiyo nayo ni haki iliyopiganiwa, na sitaki kumsikia mtu akiibeza. Mwanamke ambaye sheria inamhesabu kuwa ni mtu kamili, si kivuli cha mumewe, amepata jambo kubwa.

Hapo ndipo swali linapokaza. Ukitaka mke awe mtu kamili, huwezi kumbebesha makosa ya mumewe kwa sababu tu wanalala nyumba moja. Na ukisema mke hahusiki kabisa kwa kuwa ni mtu mwingine, basi umempa kila mla rushwa mahali pa kuficha: kabati la pili.

Mahakama ya Rufani, enzi za Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa uamuzi mwaka huohuo wa 1983 ambao haukuhusu magendo hata kidogo. Ulihusu talaka. Swali lilikuwa kama kazi za nyumbani za mke, kupika, kufua, kulea, zinahesabiwa kuwa mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Mahakama ikasema ndiyo, zinahesabika. Ni uamuzi wa haki, na wanawake wengi wameondoka kwenye ndoa na kitu mkononi kwa sababu yake. Mantiki yake ni kwamba mume asingeweza kujenga kama asingekuta chakula mezani na watoto wamelala.

Sawa. Igeuze sasa. Kama chakula changu na ulezi wangu vimejenga nyumba, basi vimejenga nyumba na pale ilipojengwa kwa mzigo wa Horohoro. Siwezi kusema mchango wangu unahesabika siku ya kugawana, ila siku ya kuulizwa nilikuwa napika tu. Nikilidai jasho langu kwenye faida, limo pia kwenye uchafu wa faida hiyo.

Najua hoja hii inaweza kutumika vibaya. Kuna watu wanaopenda kuhitimisha kila kesi ya ufisadi kwa kusema mwanamke ndiye chanzo, alitaka gari, alitaka saluni. Hiyo ni njia ya kumsafisha mwanamume kwa maji ya mkewe. Na siku hizi kiongozi anaweza kuwa mke, na anayeongeza sauti ya televisheni akawa mume. Swali ni lilelile. Kwa hiyo hatuwezi kupima kwa jinsia. Tupime kwa nini?

Wasanifu wa maigizo walishaliwazia, na bahati nzuri tunaye wa kutusaidia kwa Kiswahili chetu. Mwaka 1963 Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, na mwaka 1969 akaitoa tena baada ya kuirekebisha. Mwaka 1968 S. S. Mushi akatupa Makbeth. Viongozi wa taifa jipya wakisoma michezo ya watu wanaoua kwa ajili ya madaraka! Lakini wasomaji wengi wanamkumbuka Bruto na kisu chake na kumsahau mkewe, Portia. Portia anamwona mumewe halali, hali, anapokea wageni wa usiku waliojifunika nyuso. Hajikaushi. Anamwuliza kwa magoti: mimi ni mkeo au ni mtu wa kulishwa na kupumbazwa? Anamwonyesha na jeraha alilojitia mwenyewe pajani kuthibitisha kwamba anaweza kubeba siri. Bruto anaahidi kumwambia. Na kujua kunamgharimu Portia maisha yake.

Mke wa Makbeth yeye anajua tangu mwanzo. Barua ya mumewe ndiyo inayomfikia kwanza, na tamaa anaishika yeye kabla mumewe hajaizoea. Ila angalia wapi ndoa yao inapopasuka. Kumwua mfalme hakuwatenganishi. Ni siri yao wawili. Wanatengana Makbeth anapopanga mauaji ya rafiki yake Banquo peke yake, akamwambia mkewe abaki hajui mpaka jambo litimie. Hapo mwanamume amefanya kama yule mwenzetu wa Segera: kaa kwenye dua. Baada ya hapo mke anabaki peke yake usiku, akinawa mikono isiyotakata, na mume anapambana peke yake. Tamaa iliwaunganisha, na siri moja ndogo aliyofichwa mke ndiyo ikawatenga.

Wa tatu ni wa kwetu kabisa, Bi Tamima katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Maksuudi, mumewe, ni mtu mkubwa nje na mtawala ndani. Mkewe na binti yake Maimuna wamefungiwa nyumbani, dunia wanaisikia kwa ukutani. Nani atathubutu kumwambia Tamima kwamba alipaswa kuhoji mali ya mumewe? Angehoji kwa mdomo gani?

Kipimo ninakiona hapo katikati ya wanawake hawa. Hatia haiji kwa sababu ya kujua peke yake, wala kwa kula peke yake. Tamima alikula na hana hatia. Hatia inakua kadiri mtu alivyokuwa na nafasi ya kuuliza na akaiuza. Anayeweza kuuliza bila kupigwa, bila kufukuzwa usiku na watoto, mwenye mshahara wake, elimu yake na shahada ya kujua saruji inalipa kiasi gani, akinyamaza, ukimya wake una bei na yeye bei anaijua: ni pikipiki, ni nyumba ya Tanga, ni kuitwa mke wa mheshimiwa. Yule ambaye kuuliza kungemvunja mbavu, ukimya wake ni jeraha, tusiuite kosa.

Utanijibu: mke si polisi. Kweli, na sheria yenyewe inakubali. Sheria yetu ya Ushahidi kwa kawaida haimlazimishi mke kutoa ushahidi wa jinai dhidi ya mumewe, wala mume dhidi ya mkewe, na naiona ni busara. Nyumba ambayo kila mtu ni shahidi wa serikali si nyumba. Lakini kutoshitaki ni kitu kimoja na kutouliza ni kingine. Portia hakwenda kumshitaki Bruto. Alimwuliza wakiwa wawili, usiku, bustanini. Swali lililoulizwa chumbani halitoki nje ya chumba. Na mara nyingi ndilo la mwisho kabla mtu hajavuka mahali pasipo na kurudi, kwa sababu mtu mwenye tamaa huwa amezungukwa na wapambe wa kumwambia songa mbele, na ana mmoja tu anayeweza kumwambia kaa chini.

Na usidhani kinachobebwa huwa ni sukari siku zote. Juni 2012, porini Chitego, wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma, ilikutwa miili ya Waethiopia zaidi ya 40. Walikosa hewa ndani ya lori lililowabeba, wakatupwa. Lori lile, kama lori lolote, lilikuwa na mwenyewe, lilitiwa mafuta, lilipita kwenye vizuizi. Kila shilingi iliyolipwa kwa safari kama ile inaishia kwenye nyumba ya mtu: mahali fulani ikawa ada, ikawa bati, ikawa pilau. Siamini kwamba kila aliyeila alijua. Ila naamini wapo ambao wakati ule walijisemea moyoni, "nisiulize", na neno hilo ndilo lililowapa watu wale njia.

Kwa hiyo namrudisha mwalimu wetu wa Segera mezani, maana riwaya haijaisha. Kura za maoni zimepita, mume ameshinda. Sasa mzee mmoja wa chama amemshauri: gari la pili lisiwe na jina lako, watu watachimba. Anakuja na karatasi na kalamu.

"Mama Neema, weka sahihi hapa. Ni taratibu tu."

Mpaka jana aliweza kusema alikuwa ananyamaza tu. Leo anaombwa jina lake. Ameulizwa yeye sasa, na jibu litakuwa mwandiko wake. Kama mwandishi ni mvivu, atamleta polisi mlangoni wakati huohuo amwokoe. Mwandishi ninayemtamani atamwacha mwanamke huyo na karatasi mbele yake kwa kurasa kumi nzima, chai ipoe, nje malori yakipita kuelekea Chalinze, na atuoneshe kila anachokifikiria: mtoto, mkopo wa benki, aibu, upendo pia, kwa sababu anampenda yule mtu. Halafu amwache avute karatasi, amtazame mumewe, na aulize upya lile swali la kanga, safari hii bila kukubali kutumwa kwenye dua.